Binti Aliyemwigiza Mama Mbazi

Wapendwa, fungeni kwanza vitabu vyenu, viwekeni magotini. Nataka niwape mfano, na mfano huu hauhitaji miwani.

Kulikuwa na binti mmoja katika kijiji cha milimani, kule wanakolima tangawizi, ambako ukungu hauondoki mabondeni mpaka jua lipande vizuri. Nitampa jina ili tuende naye pamoja. Tumwite Nakundwa. Kama humu ndani yumo Nakundwa, anisamehe, sijamlenga yeye.

Nakundwa alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa na kipaji cha kuigiza watu. Mtu akipita mbele yake mara moja tu, ameshamnasa. Mwendo wake, kikohozi chake, namna anavyokuna kichwa akiulizwa swali gumu. Alikuwa anaweza kumfanya mwenyekiti wa kijiji akifungua mkutano, ukafumba macho ukaapa kwamba mwenyekiti mwenyewe yupo. Bombani wasichana walikuwa wanaacha ndoo zimwagike. "Nakundwa, tufanyie mwalimu mkuu!" Naye anawafanyia. Na nani kati yetu asingependa kuwa na kipaji kama hicho? Kila unapofika, watu wanasogea. Unapoondoka, wanabaki wanacheka.

Sasa, katika jumuiya yao kulikuwa na mjane anayeitwa Mama Mbazi. Huyo Mbazi mwenyewe alikuwa amehamia mbali na kuoa huko, mama akabaki na nyumba yake, mbuzi wake wawili na kishamba cha tangawizi mtelemkoni. Mama Mbazi alikuwa na kigugumizi. Si kile kidogo kinachomshika mtu akikasirika. Kigugumizi cha kweli, cha kumfanya mtu afumbe macho na kukunja ngumi ili neno moja litoke.

Lakini kila Jumatano alasiri, jumuiya ikikutana, mwinjilisti akauliza, "Nani ana shukrani?", wa kwanza kusimama alikuwa ni yeye. Na shukrani zake! Anashukuru kwamba mbuzi amezaa salama. Anashukuru kwamba nyonga haikumsumbua njiani. Anashukuru kwamba mvua ilimngoja mpaka akaingiza maharage ndani, ndipo ikashuka. Mambo madogo madogo tu, na kila dogo lilichukua muda mrefu. Akina mama wa nyuma wanaanza kufunga upya kanga zao. Vijana wanatazama nje. Mwinjilisti anaangalia saa yake, anaishusha, anaiangalia tena.

Mnawajua watu wa namna hii? Hata sisi tunao. Tunasema, "Ana moyo mzuri yule mama," halafu tunaangalia saa.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada watu wakakaa uwanjani, benchi zikapangwa, vijana wakaitwa waonyeshe igizo. Nakundwa akaingia amevaa kitenge kilichopauka, kilemba kimefungwa chini mpaka kwenye nyusi, mkono mmoja umeshika nyonga. Kabla hajasema lolote, watu walishaanza kukohoa kicheko. Akasimama katikati. Akafumba macho. Akakunja ngumi.

"Na-na-na-nashukuru..."

Uwanja ukalipuka. Akamshukuru mbuzi. Akamshukuru bibi yake mbuzi. Akashukuru kwa ajili ya kigoda chake, mguu mmoja mmoja, na kila mguu alikwama nao kama gari kwenye tope. Watu waliinama, waliegemeana. Mwinjilisti alivua miwani akafuta machozi. Naona na ninyi mnatabasamu. Sawa, tabasamuni. Alikuwa anachekesha kweli, na ningewadanganya nikisema hakuwa anachekesha.

Na Mama Mbazi? Alikuwa amekaa benchi ya mbele, naye anacheka. Alikuwa anapiga paja lake kwa kiganja, amefurahi, meno yote yako nje. Kwa nini? Kwa sababu mtu hajisikii jinsi wengine wanavyomsikia. Alikuwa hajajitambua. Katikati ya kile kicheko akamwinamia jirani yake, akamwuliza kwa shida yake ileile, "Jamani, anamwigiza nani?"

Jirani aliinamisha kichwa. Alitazama vidole vyake vya miguu.

Nakundwa aliona yote yale kutoka pale aliposimama. Aliona swali. Aliona jirani akiinamisha kichwa. Aliona kicheko kikibaki usoni kwa yule mama, hakina tena mwenyewe, kama nguo iliyosahauliwa kambani. Aliona macho yakigeuka polepole kumtazama yeye, yakatazama kitenge, yakatazama mkono uliokuwa nyongani.

Sasa nawauliza, alinyamaza?

Hakunyamaza. Ile kelele ilikuwa tamu. Alishukuru tena, kwa ajili ya mvua na maharage, na akavuta neno "maharage" mpaka watoto wa mbele wakagaragara chini. Shikeni hapo, ndugu zangu. Yale ya mwanzo yalikuwa utoto. Hili la mwisho alilifanya akijua.

Igizo lilipokwisha, watu walimzunguka kumpa mkono. Mama Mbazi naye alikuja. Aliushika mkono wa binti kwa mikono yake yote miwili, midomo ikatetemeka kutafuta neno, likakataa. Akaupigapiga ule mkono taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto, akaenda zake. Nakundwa akajiambia, "Hajakasirika." Akaenda kula pilau.

Jumatano iliyofuata mwinjilisti akauliza kama kawaida, "Nani ana shukrani?" Macho yote yakaenda kwa Mama Mbazi. Mama Mbazi akatazama mkeka. Akatikisa kichwa. Wakaimba, wakaomba, wakatoka. Njiani watu walikuwa wanasema, "Leo tumewahi." Hata Nakundwa aliona ni vizuri, akafika nyumbani jua bado liko juu. Jumatano nyingine ikawa hivyohivyo, na nyingine tena. Hakuna aliyeuliza. Ni nani ataulizia kitu kilichokuwa kinamchelewesha?

Siku moja Nakundwa alitumwa dukani. Akakuta watu wamepanga foleni fupi, na mbele yao wote yupo Mama Mbazi. Mwenye duka akamwuliza, "Nikupe nini, mama?" Mama Mbazi akafungua kinywa. "Chu..." Neno likakwama. "Chu..."

Juu ya gunia la unga alikuwa amekaa mtoto mdogo, wa umri wa chekechea, ananing'iniza miguu. Mtoto yule hakuwa na ubaya wowote. Kwake ulikuwa wimbo, kama nyimbo nyingine anazozisikia bombani. Akaimba kwa sauti yake nzuri, "Na-na-na-nashukuruuu!"

Watu wakacheka kidogo, puani.

Mama Mbazi akafunga kinywa. Akanyoosha kidole kwenye rafu. Mwenye duka akashusha sabuni. Mama akatikisa kichwa. Akashusha kiberiti. Mama akatikisa kichwa tena, halafu akatazama foleni nyuma yake, akaona wanavyomngoja. Akakipokea kiberiti. Akaondoka na kiberiti ambacho hakukijia.

Nakundwa alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake. Alikuwa anajua kwamba mama yule anataka chumvi. Kila mtu alijua. Lakini midomo yake ilikuwa mizito kama si ile iliyochekesha uwanja mzima. Masikio yakamwaka moto. Sauti ya yule mtoto ilikuwa sauti yake mwenyewe, wala haikuwa imepungua kitu. Aliitoa kinywani mwake mara moja, siku ya sikukuu, na sasa ilikuwa inatembea yenyewe kijijini, inaingia madukani, inakaa juu ya magunia, wala hakuwa na namna ya kuiita irudi.

Akanunua chumvi, akatoka mbio. Alipofika kwenye kona akauona mgongo wa Mama Mbazi unapanda polepole, na ujasiri ukamwishia palepale. Akapita njia ya juu, akatangulia, akaiweka ile chumvi kizingitini, akaruka ua akaondoka. Kama mwizi, ila mwizi anayerudisha. Tunaijua njia hii, si ndiyo? Kutengeneza bila kuonekana. Kuomba radhi nyuma ya mgongo wa mtu.

Haikumsaidia. Wasichana bombani wakisema, "Tufanyie Mama Mbazi," alikuwa anajifanya anaumwa kichwa. Mwishowe akamwendea mwinjilisti, akamkuta anarekebisha mnyororo wa baiskeli yake.

"Shikamoo, mwinjilisti."

"Marahaba, binti yangu. Karibu."

"Nimekuja kuungama. Lile igizo la Mama Mbazi. Nilimkosea."

Mwinjilisti akacheka. "Lile? Ah! Ule ulikuwa utani tu, binti. Hata mimi nilicheka mpaka kifua kikaniuma. Na Mama Mbazi mwenyewe alicheka, nilimwona kwa macho yangu."

"Lakini hasemi tena. Hashukuru tena."

"Ataizoea hali. Usijitese bure." Akazungusha pedeli, mnyororo ukashika vizuri. "Na tuseme ukweli wetu, siku hizi tunamaliza mapema."

Nakundwa akaondoka amesamehewa, na msamaha ule haukuwa na uzito hata wa unyoya. Alikuwa anatafuta mtu mmoja tu wa kumwambia, "Ndiyo, umekosa." Hakumpata. Na unajua kwa nini hakumpata? Kwa sababu ukimwambia mwigizaji kwamba amekosa, na wewe uliyempigia makofi utajificha wapi?

Basi ikabaki njia moja, ile aliyokuwa anaikwepa. Akapanda mpaka kwa Mama Mbazi. Akamkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anaosha tangawizi ndani ya beseni, tope linatoka, maji yamekuwa mekundu. Nakundwa akapiga hodi. Mama akamwonyesha kigoda kingine kwa kidevu. Binti akakaa, akaokota tangawizi, akaanza kusugua bila kuambiwa. Wakasugua wote wawili. Kisha Nakundwa akasema, bila kuinua uso, "Mama, siku ile ulipomwuliza jirani yako ni nani anayeigizwa, mimi nilikuona. Nikaendelea."

Mama Mbazi akaacha kuosha. Akafuta mikono kwenye kanga. Halafu akaanza kusema. Sitawaigizia namna alivyosema, nitawapa maneno yake tu. Lakini jueni kwamba yalichukua muda mrefu sana, na Nakundwa aliyangoja yote.

Alisema, "Nilipokuwa msichana nilikuwa sisemi kabisa. Watu walidhani mimi ni bubu. Aliyenizoesha kusema ni marehemu mume wangu. Alikuwa anakaa, ananitazama, ananingoja mpaka neno litoke, hata chai ikipoa. Alipofariki nikabakiwa na mahali pamoja tu pa kusemea. Pale jumuiyani. Nilidhani watu wa pale hawana haraka. Nilikuwa sijui kwamba wananivumilia. Wewe ndiye uliyenijulisha."

Nakundwa alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi. Kwa maneno yale hakuwa amejiandaa. Alitamani lile beseni la tope lingemfunika.

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe, mwanangu. Tangu nikiwa nimekaa palepale kwenye benchi. Wewe ni mtoto wetu. Ila kuna kitu kimoja usiniombe."

"Kitu gani, mama?"

"Usiniombe nisimame tena."

Binti akalia. Na niwaambie, sehemu moja ya kilio kile ilikuwa ni majuto, na sehemu nyingine ilikuwa inatafuta kubembelezwa. Mama Mbazi hakumbembeleza. Alivuta karibu beseni la pili, lililojaa tangawizi yenye tope, akalisukuma mbele yake. Wakaosha mpaka wakamaliza.

Jumatano hiyo mwinjilisti alipouliza nani ana shukrani, Nakundwa alisimama. Akasema, "Mimi sina shukrani, nina kosa. Siku ya mavuno nilimwigiza Mama Mbazi mbele yenu. Nilimwona ameumia, nikaongeza, kwa sababu mlikuwa mnacheka na mimi nilipenda mcheke. Tangu siku ile mama huyu hajasema humu ndani. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Hakusema, "Kama kuna niliyemkwaza." Hakusema, "Ni ibilisi tu." Alisema alichokifanya, kama kilivyokuwa.

Mlidhani watu wangesimama naye? Mlidhani wangelia, wangesema, "Na mimi nilicheka, na mimi"? Mama mmoja wa nyuma akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Si ameshasamehewa jamani, mambo ya zamani haya tunayafufua ya nini?" Mwinjilisti akakohoa, akasema, "Tuimbe." Wakaanza wimbo yeye angali amesimama. Alibaki amesimama peke yake katikati ya watu wanaoimba, hajui akae au atoke. Na Mama Mbazi hakuinua macho kwenye mkeka.

Nakundwa alirudi nyumbani ana aibu kuliko alivyoondoka. Siku zile angeweza kusema, "Basi, nimefanya yangu yote. Nimeomba radhi kwake, nimeomba radhi hadharani, wanataka nini tena?" Wengi wetu huishia hapo. Yeye hakuishia hapo. Alimtafuta mama wa yule mtoto wa dukani, akamweleza, na mtoto akafundishwa wimbo mwingine. Wasichana wa bombani wakamwambia siku hizi ana maringo, amekuwa mzito kama uji uliolala, wakaacha kumsogelea. Hilo nalo alilibeba. Na kila Jumatano alikuwa anapita kwa Mama Mbazi, wanashuka pamoja jumuiyani, wanakaa kwenye mkeka mmoja.

Njiani mama akaanza tena kusema naye. Neno moja leo, mawili kesho. Nakundwa ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko wote kijijini, alijifunza kazi ya kungoja. Mwanzoni alikuwa anashika neno la mama kabla halijatoka na kulimalizia, akidhani anasaidia. Mama akamwambia, "Hilo nalo acha. Niachie neno langu." Akaacha. Tangawizi ikavunwa, mbegu mpya zikafukiwa, zikachipua.

Sasa sikilizeni mwisho wake.

Jumatano moja mwinjilisti aliuliza, "Nani ana shukrani?" Halafu Mama Mbazi akashika bega la Nakundwa, akajiinua. Hakuna aliyemwomba. Akasimama. Akafumba macho, akakunja ngumi, na watu wote wakaona picha ile waliyoichekea uwanjani, ila sasa ilikuwa ni yenyewe.

"Na..." alisema. Neno likakwama. "Na..."

Kila mtu mle ndani alikuwa anajua neno lile linaishaje. Mkono wa mwinjilisti ulienda kwenye saa, ukasita, akautia mfukoni. Nakundwa alikuwa amejiuma mdomo wa chini. Jasho lilikuwa linamtiririka mama yule mpaka shingoni. "Na..." Wakangoja. Nje mbuzi wakalia, wakanyamaza. Wakaendelea kungoja. Mama Mbazi akafumbua macho, akawatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa taratibu. Akakaa.

Neno halikutoka. Wala halijatoka mpaka leo.

Najua mlitaka nimalizie vizuri zaidi. Mlitaka asimame, ulimi ufunguke, watu wapige vigelegele, nasi tuende nyumbani tumefurahi. Hata mimi ningependa. Lakini ningewapa mfano wa uongo. Kuna vitu tukivivunja, msamaha unakuja kabla hata hatujauomba, na kitu chenyewe kinabaki kimevunjika. Nakundwa alilijua hilo akiwa amekaa pale kwenye mkeka, bega lake bado lina joto la mkono wa yule mama, uso umeinama kwa aibu. Hakuikimbia ile aibu, na ndiyo iliyomkuza. Aliingia kwenye habari hii akiwa mtoto anayetaka kuchekewa, akatoka akiwa mtu mzima anayeweza kungoja mwenzake aseme. Mimi huyo simhofii. Huyo amefika.

Ninaowahofia ni wale wengine. Waliocheka wakasahau. Waliofurahi kwamba siku hizi tunawahi kutoka. Wao hawakupewa hata aibu ya kuwalea, kwa sababu mikono yao ilikuwa misafi. Walichofanya ni kupiga makofi tu. Nani atamhukumu mtu kwa kupiga makofi? Na bado, kila Jumatano mbinguni palikuwa panapokelewa shukrani kwa ajili ya mbuzi, na nyonga, na mvua iliyongoja maharage, na sasa haipokelewi tena. Ni nani aliyemnyang'anya Mungu shukrani ile? Binti mmoja? Binti mmoja angeigiza nini uwanjani kama watu wote wangekaa kimya wakamtazama?

Ndugu zangu, tuseme sisi. Tusiseme wao. Humu ndani yupo mtu aliyekuwa anasimama. Alikuwa anaimba nje kidogo ya sauti, au anauliza maswali marefu kwenye semina, au anasoma somo kwa kusitasita, kidole chini ya mstari. Siku moja tulitazamana, tukabana midomo, tukacheka puani. Yeye akaona. Hakugombana na mtu. Aliendelea kuja kila Jumapili, anakaa palepale, anafunga kinywa chake.

Na sisi, tukiulizwa habari zake, tunamsifu. Tunasema yule ni mtu mpole, hana maneno.